Nimekaa Tu

Swali gumu kuliko yote mjini Nairobi haliulizwi darasani. Huulizwa na kanjo, na bawabu wa benki, na mlinzi wa jengo ambalo umesimama mlangoni pake ukingoja mvua iishe: "Unafanya nini hapa?" Majibu yanayokubalika tunayajua sote. Nangoja mtu. Nimetumwa. Naenda job. Hata "nimepotea" hupita, maana aliyepotea angalau alikuwa anaenda mahali. Jibu lisilopita ni lile ambalo mara nyingi ndilo la kweli: sifanyi chochote, nimekaa tu.

Kwa zaidi ya miaka hamsini mji huu ulikuwa na sehemu moja kubwa ambapo jibu hilo lilipita bila maswali zaidi, nayo ni Uhuru Park. Nataka kuitetea, lakini si kwa sababu zile ambazo imekuwa ikitetewa nazo.

Tuseme ukweli kwanza. Kama bustani ya burudani, Uhuru Park haikuwa ya kutisha. Hakukuwa na gurudumu kubwa la kukupandisha juu ya maghorofa wala treni ya kukupindua kichwa chini. Kulikuwa na ziwa dogo la kuchimbwa na boti zake. Kulikuwa na bembea, ngamia au farasi wa kupanda siku za sikukuu, wachoraji wa kukugeuza uso uwe chui, njugu kwenye karatasi iliyokunjwa, aiskrimu ya kisanduku cha baiskeli, na wapiga picha waliotembea na sampuli za kazi zao kama vyeti. Bei ya boti ilitegemea sura yako na idadi ya watoto waliokuwa wanalia nyuma yako. Kama nyumbani kwenu kuna albamu ya zamani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ile picha imo: watu wazima wamevaa suti zisizowatosha, watoto wamevaa nguo za Krismasi, na KICC nyuma yao ikionekana kama imeota kichwani mwa mjomba. Mgeni kutoka ocha hakuwa amefika Nairobi mpaka apigwe hiyo picha. Ndiyo ilikuwa ushahidi.

Hiyo ilikuwa sikukuu. Saa saba mchana siku ya kazi ilikuwa stori nyingine. Wahubiri walishindana kwa sauti, karani alivua viatu, vijana waliokuwa wakizunguka na maombi ya kazi tangu asubuhi walilala kwenye nyasi, bahasha ya kaki yenye vyeti chini ya kichwa. Wengine walikuwa wamekula. Wengi walikuja kula hewa, na hapo hakuna aliyeweza kujua tofauti, kwa sababu aliyeshiba na aliyelala njaa wakilala chali chini ya mti mmoja wanafanana. Heshima ya aina hiyo sijaiona mahali pengine mjini. Kwenye mkahawa, asiye na pesa hujulikana kabla hajavuta kiti.

Ili uelewe ukubwa wa jambo hilo, lazima ukumbuke tumetoka wapi. Chini ya mkoloni, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, ile karatasi iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ikionyesha yeye ni nani na ameajiriwa na nani. Mji ulikuwa mahali pa kazi. Kazi ikiisha, sababu yako ya kuwa mjini imeisha. Asiye na sababu aliitwa mzururaji, na uzururaji ulikuwa kosa. Cha kushangaza ni kwamba sheria hiyo haikushushwa pamoja na bendera ya Mwingereza. Sheria ya uzururaji ilikaa vitabuni mwetu mpaka 1997, ilipofutwa katika mageuzi ya kuelekea uchaguzi wa mwaka ule.

Kwa hivyo Mzee Jomo Kenyatta alipofungua Uhuru Park mnamo Mei 1969, Kenya ilikuwa na vitu viwili kwa wakati mmoja. Ilikuwa na bustani katikati ya mji mkuu ambapo raia alikaribishwa kulala kwenye nyasi. Na ilikuwa na sheria ambayo ingeweza kumweka ndani raia huyo huyo, kama hana kazi wala makao ya kueleweka, akivuka barabara na kuendelea kutofanya chochote upande wa pili. Uhuru ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa na majina ya barabara.

Lugha nayo haitusaidii sana. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga, na sidhani kuna methali inayopendwa zaidi na wazazi wa Kenya hata kama hawaijui kwa maneno yake. Tukijaribu kuutetea mchezo tunasema kazi na dawa. Sikiliza vizuri hilo neno dawa. Dawa hainywewi kwa utamu. Unakunywa upone, urudi kazini. Maana yake ni kwamba hata tunapouruhusu mchezo, tunauruhusu kama mafuta ya mashine, na mashine ni wewe.

Aristotle aliligeuza hilo. Kwake, tunafanya kazi ili tupate nafasi ya kupumzika, si kinyume chake, na maisha mazuri yamo ndani ya nafasi hiyo. Ningemfuata moja kwa moja kama si jambo moja dogo: mtu aliyekuwa akimfikiria alikuwa na watumwa nyumbani. Mapumziko ya huyu yalikuwa jasho la yule. Bertrand Russell, ambaye mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Uingereza, aliandika mnamo 1932 kwamba matajiri siku zote wameshtushwa na wazo la maskini kuwa na muda wa kupumzika. Huhitaji kwenda Uingereza kuliona. Mwenye gari akiliegesha Naivasha na kuyatazama maji kwa saa tatu, yuko likizo. Kijana wa Mukuru akiyatazama maji ya Uhuru Park Jumanne saa nne asubuhi, ni mwizi au ni mvivu. Kitendo ni kile kile, tena maji ya kijana ni machache zaidi.

Sasa, bustani hii imetetewa mara nyingi, na imetetewa na watu wakubwa. Stori ya 1989 inajulikana. Jumba la ghorofa 60 la Kenya Times, gazeti la chama tawala, lilitakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, likiwa na sanamu ya rais. Wangari Maathai akaandika barua kwa kila ofisi aliyoweza kuifikia. Akamwuliza balozi wa Uingereza kama kitu kama hicho kingewahi kujengwa Hyde Park ya London. Wabunge wakamcheka, wakamsema kwa kuwa ametalikiwa, kana kwamba talaka inamzuia mtu kuhesabu ghorofa. Rais Moi akaona mwanamke wa Kiafrika wa kweli angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, wafadhili wakajitoa, mradi ukafa.

Mapema 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifika kwenye kona ya bustani hiyo, wakasema hawaondoki na hawali mpaka watoto wao waachiliwe. Nimefikiria sana kuhusu kitendo chao. Hawakuvamia ofisi, hawakurusha mawe. Walikaa. Serikali iliyokuwa na jeshi, polisi na magereza iliona kukaa huko ni hatari kiasi cha kutuma polisi wenye marungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Kona ile tunaiita Freedom Corner hadi leo. Kisha Agosti 2010 katiba mpya ikazinduliwa hapo hapo, mbele ya umati uliofunika kilima chote.

Nayaheshimu yote hayo. Lakini yamefanya kitu fulani kwa bustani, kitu ambacho hatukisemi. Imekuwa kama babu aliyepigania uhuru. Tunampa kiti cha mbele kila sherehe, tunazijua tarehe zake zote, na hakuna anayekumbuka kwamba alipenda sana kucheza dansi. Tukiulizwa kwa nini Uhuru Park ni muhimu, tunajibu: mapafu ya mji, demokrasia, historia, mazingira. Hatujibu: boti. Tungeona haya. Boti ni upuuzi, ni kuzunguka kwenye dimbwi kwa dakika chache na kurudi pale pale ulipoanzia. Ukisimama kwenye kikao cha bajeti useme mji unahitaji dimbwi la watu kuzunguka, utachekwa kuliko Wangari.

Na kitu kinachothaminiwa kwa sababu kubwa peke yake huwa rahisi kuporwa zile ndogo. Mwaka 2021 bustani ilifungwa kwa ukarabati. Mabati yakazungushwa, tukaambiwa ni kwa muda. Watu walipiga kelele kuhusu miti iliyokatwa, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Kuhusu Krismasi sikusikia kelele nyingi. Bustani ilipitwa na zaidi ya Krismasi moja ikiwa imefungwa, na mji mzima ukaenda mbele kana kwamba kilichofungwa ni sanamu. Wapiga picha, wenye ngamia na wauza njugu wakatafuta kwingine. Watoto waliovaa nguo mpya za Krismasi walipelekwa kwenye majumba ya maduka, na kama umewahi kuwa ndani ya mojawapo tarehe 25 Desemba umewaona: wanapanda eskaleta juu, wanashuka, wanapanda tena, huku mlinzi akiwatazama na wazazi wakijifanya wanaangalia bei za friji. Watoto hupata bembea popote. Ila nilimtazama baba mmoja, mikono nyuma, akiisoma friji kwa dakika kumi nzima, nikaona kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa anatengeneza jibu la "unafanya nini hapa?"

Hapa wenzangu hunikatiza. Buda, hospitali za kaunti hazina dawa, mitaa haina maji, na wewe unalilia boti? Ni swali la haki, na silijibu kwa kusema kwamba raha ni muhimu kama dawa. Mtu anayetokwa na damu hahitaji boti. Ninachouliza ni kwa nini swali hilo huelekezwa upande mmoja tu. Ng'ambo ya barabara kutoka Uhuru Park kuna uwanja wa gofu wa Reli, ardhi tambarare katikati ya jiji, imemwagiliwa maji hata wakati wa kiangazi. Sijasikia mtu akimsimamisha mchezaji pale amwambie kwamba Pumwani hakuna dawa. Raha ya mwenye nacho huhesabiwa kuwa yake. Ya asiye nacho huhesabiwa kuwa imechotwa kwenye bajeti ya kitu cha maana zaidi, kwa hivyo lazima ingoje mpaka maji, dawa, barabara na shule vikamilike, yaani ingoje milele. Ukifuata hesabu hiyo, maskini ana haki ya kuishi, ila hana haki ya kufurahia kuwa hai mpaka nchi iendelee.

Pingamizi la pili linaniumiza kichwa zaidi. Wasichana niliosoma nao walikuwa na kanuni zao kuhusu Uhuru Park, na hakuna mvulana aliyefundishwa. Mchana tu. Si peke yako. Si upande wa vichakani. Simu ndani ya sidiria. Akina mama walikuja wakati wa sikukuu kwa sababu umati ulikuwa ulinzi wao. Jumatano ya kawaida wengi walizungukia mbali. Kwa hivyo ninaposema kila mtu aliweza kukaa tu, nani hasa alikaa? Wanaume kwa sehemu kubwa. Mwanamke aliyelala chali kwenye nyasi saa nane mchana hakuachwa alale, angalau lazima mtu mmoja angekuja kumwuliza jina. Bustani isiyo na lango ilikuwa na lango kwake, ila halikuonekana.

Na anayetaka kunishinda kabisa kwenye hoja hii ataitaja Karura. Msitu ule Wangari alipigwa na watu wake wakapigwa mwaka 1999 wakiutetea dhidi ya wanyakuzi. Ulikuwa wa wote, na kwa miaka mingi ulikuwa mahali ambapo watu waliporwa na miili ikatupwa. Kisha, kuanzia 2009 hivi, ukazungushiwa ua wa umeme, ukawekwa malango na askari, na kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima akalipa shilingi 100 kuingia. Leo mwanamke anakimbia humo peke yake saa kumi na mbili unusu asubuhi, masikio yamejaa muziki. Ua ule ulimpa uhuru ambao Uhuru Park haikuwahi kumpa. Siwezi kuruka hilo na sitaki.

Lakini tazama ua ulivyobadilisha swali. Shilingi 100 si nyingi kwa anayekuja na gari. Baba, mama na watoto watatu wakitoka Kayole, hata watoto wakilipa kidogo, ukiongeza matatu mbili za kwenda na mbili za kurudi, hiyo ni pesa ya unga wa siku kadhaa. Na hata anayeimudu amenunua kitu kingine tofauti. Tikiti ni jibu la "unafanya nini hapa?" Jibu ni: nimelipa. Ni jibu zuri, linamnyamazisha askari yeyote, ndiyo maana sisi vijana wa mji huu tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Tunanunua chai moja tukae nayo saa tatu, tunaiita chai ilhali ni kodi ya kiti. Tunapakia pesa kwenye kadi ili mtoto aruke trampolini. Hata uchumba umekuwa biashara ya risiti. Wazee wetu wengi walitongozana bure kwenye nyasi zile na ndoa zikashika.

Tofauti ninayoiona ni hii. Anayelipa amekuwa mteja, na mteja huheshimiwa kwa kadiri ya muda aliolipia. Aliyekaa tu huheshimiwa kwa kuwepo. Mji unaweza kuwa na wateja wengi wenye furaha na bado usiwe na raia hata mmoja aliyetulia, kwa sababu kila mmoja anaangalia saa. Usalama wa Karura nautaka. Nautaka kwa yule msichana na nautaka kwa mama wa Kayole. Ila ukichunguza, kilichomlinda mkimbiaji si noti ya shilingi 100. Ni askari wanaozunguka, njia zilizo wazi, na watu wengine wengi waliojaa humo kwa sababu wanaamini ni salama. Vitu hivyo vinagharimu pesa, ndiyo, na pesa hiyo mahali fulani lazima itoke. Taa za barabarani pia zinagharimu, na bado hakuna anayesimama chini ya nguzo kukuuzia mwanga.

Kwa hivyo wanaopanga bustani za mji huu, wa leo na watakaokuja, mimi ningewapa orodha fupi isiyopendeza kwenye michoro yao. Taa. Vyoo vinavyofungika, vyenye maji. Askari wa kike, wengi, wanaojua kwamba mtu aliyelala si mshukiwa. Nyasi zinazoruhusiwa kukanyagwa, maana nimeona bustani zilizokarabatiwa zikageuka zulia la sebule ya wageni, la kutazamwa kutoka mlangoni. Wapiga picha warudishwe, hata kama kila mtu ana kamera mfukoni, kwa sababu selfi haiwezi kumweka mjomba na KICC pamoja bila mtu mmoja kukosekana.

Na boti ilipiwe. Hilo sina neno nalo. Hata zamani ililipiwa. Waliokosa pesa walikaa kwenye nyasi za ukingoni wakimtazama mwanamume mzima, amevaa suti na jaketi la kuokolea maisha, akipiga kasia upande mmoja na boti ikizunguka pale pale, mke wake akimwelekeza kwa kidole, watoto wakipiga kelele, na kicheko kikienea ukingo mzima.